Wazazi wangu wote wawili wana kisukari. Sukari yangu iko sawa, lakini mafuta ya damu yamenisimulia mengine

Mwana wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Najua humu tuko wengi ambao baba au mama anameza dawa za sukari, na sisi tunaishi kama watu wanaosubiri zamu yao.

Nina miaka 27, mzaliwa wa Igogo hapa Mwanza, kazi yangu ni kupokea na kupima mizigo ya dagaa pale soko la samaki la mwaloni, Kirumba. Mama alianza dawa mwaka niliomaliza darasa la saba. Baba alifuata miaka sita baadaye. Kidonda cha kisigino kilikataa kupona, kumpima, kumbe sukari ilishapanda muda mrefu. Nimepanda kilima cha hospitali ya Bugando na mama mara nyingi sana, nimeshika kadi yake na chupa ya maji, na majina ya dawa zake nimeyajua kabla sijaota ndevu.

Kwa hiyo sukari yangu huwa napima kila mwaka, asubuhi kabla sijala. Haijawahi kuzidi 5.4. Na kila mwaka jibu ni lile lile: kijana uko salama, nenda kapige kazi. Nilikuwa narudi nyumbani nimefurahi kweli.

Mwaka huu mwezi wa nne mdogo wangu wa kike, ana miaka 24, alitakiwa kupima afya kwa ajili ya kazi. Nikamsindikiza, na kwa kuwa hela ilikuwepo, tukasema tupime wote na mafuta ya kwenye damu. Hapo niseme kitu: yeye ni mnene tangu utotoni. Mimi ni mwembamba, nacheza mpira Jumapili, nabeba magunia. Nyumbani kwetu ilishajulikana kwamba sukari itamwangukia yeye. Shangazi zetu walimwambia hivyo mbele za watu, na yeye akawa anainama tu.

Majibu yalikuja hivi. Lehemu (kolesteroli) ya jumla: yangu 4.9, yake 5.0. LDL, ile tunayoiita lehemu mbaya: mimi 3.0, yeye 3.0. Ukiishia hapo utasema hawa ni kitu kimoja. Lakini trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, yangu ilikuwa 2.4, yake 0.9. Na HDL, lehemu nzuri, yangu 0.8 tu, yake 1.6. Trigliseridi inatakiwa iwe chini ya 1.7, na HDL kwa mwanaume isishuke chini ya 1.0, kwa mwanamke 1.3. Sukari zetu wote zilikuwa safi.

Yaani mimi niliyepewa pongezi miaka yote ndiye niliyebeba alama za wazazi wangu ndani ya damu. Nilikaa na karatasi ile usiku kucha, na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kupata na kumuuliza kila mtaalamu aliyekubali kunisikiliza. Nimeelewa hivi.

Kisukari cha ukubwani, yaani aina ya pili, hakianzii kwenye sukari. Kinaanza pale mwili unapoanza kuwa mgumu kuisikia insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari. Kongosho likiona haliitikiwi, linaongeza sauti: linamwaga insulini zaidi na zaidi, na kwa kazi hiyo ya ziada sukari inabaki sawa, hata miaka kumi au zaidi. Ndiyo maana kile kipimo cha kidoleni kilikuwa kinanisifia. Kinaonyesha kwamba kongosho bado linamudu. Hakionyeshi linabeba mzigo kiasi gani.

Sasa insulini ina kazi nyingine ambayo watu hawaambiwi. Ndiyo inayofunga mlango wa ghala la mafuta mwilini. Ukila, inapanda, mlango unafungwa, mafuta yanabaki stoo. Ghala likianza kutosikia amri, mlango unabaki wazi kidogo, mafuta yanavuja mchana na usiku kuelekea kwenye ini. Ini likizidiwa linayafunga kwenye vifurushi vilivyojaa trigliseridi, wataalamu wanaviita VLDL, na kuvirudisha kwenye damu. Hapo trigliseridi inapanda.

Sisi wa mwaloni tutaelewa haraka yanayofuata. Vifurushi hivyo vikiwa vingi barabarani vinaanza kubadilishana mizigo na magari mengine. HDL inapakiwa trigliseridi isiyo yake, ikifika kwenye ini inakatwakatwa, inakuwa ndogo, inaondolewa upesi, na kiwango chake kinashuka. LDL nayo inapakiwa, inanyofolewa, inabaki vipande vidogo vilivyoshindiliwa. Tani moja ya dagaa unaweza kuitoa Kirumba kwa Fuso moja au kwa bajaji nyingi. Uzito kwenye mizani ni ule ule, ila barabara haiko vile vile. Ndiyo maana LDL yangu na ya mdogo wangu zote zinasoma 3.0, halafu yangu inaweza kuwa imebebwa na vyombo vingi vidogo vinavyopenya kirahisi kwenye kuta za mishipa.

Na hili la uembamba limeniuma kwa namna yake. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Kitt Petersen na Gerald Shulman wakiwemo, waliwachunguza vijana wembamba, wazima, watoto wa wagonjwa wa kisukari, ambao miili yao ilikuwa imeshakuwa migumu kwa insulini. Ndani ya misuli yao walikuta mafuta yamezidi kwa kama asilimia 80 ukilinganisha na vijana wenzao. Kwenye misuli, wakuu, ambako kioo hakionyeshi! Hata hicho kitambi changu kidogo nilikuwa nakiita shibe. Nilipopima kiuno kwa futi ya fundi cherehani nikakuta sentimita 92.

Naomba tujadili. Wenye wazazi wenye sukari, mmewahi kupima mafuta au mnapima sukari peke yake?

Nyanda wa Magu

Mkuu unatutisha. Babu zetu Usukumani walikula samli, maziwa mgando na nyama ya mafuta, wakafika miaka tisini. Mafuta hayana shida. Shida ni hizi hospitali, ukienda mzima unarudi mgonjwa.

Mwana wa Mwaloni

Kaka Nyanda, nakuelewa, na baba yangu alisema maneno hayo hayo mpaka mguu ulipomshinda. Ila tuwatazame hao babu vizuri. Walichunga ng'ombe kutwa, walilima pamba kwa jembe la mkono, wakatembea kwenda mnadani na kurudi. Misuli inayofanya kazi namna hiyo inakula sukari na mafuta hata bila kusubiri insulini iipigie hodi. Na chai yao haikuwa na vijiko vinne vya sukari, wala hapakuwa na soda mbili kila mchana. Damu yao ndiyo tuliyonayo sisi, maisha ndiyo yaliyobadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wenye kisukari ni asilimia 9.1. Hesabu kwenye daladala moja.

Na katika hoja moja uko karibu na ukweli kuliko unavyodhani. Trigliseridi haipandishwi sana na yai wala samli, inapandishwa zaidi na sukari, wanga mwingi na pombe, kwa sababu ini likipewa sukari kupita mahitaji linaigeuza mafuta. Mimi nilikuwa nimeacha mayai kabisa, najiona mtu wa afya, huku nikishushia chapati kwa soda.

Fundi Darubini

Nafanya kazi maabara, niongezee kidogo, maana majibu mengi yanaharibika kabla damu haijafika kwetu.

Kama mnataka trigliseridi ya kuaminika, fungeni kula kwa muda wa saa 9 hadi 12. Maji ruksa. Siku hizi kuna nchi wanapima bila mtu kufunga, na kwa lehemu ya jumla na HDL tofauti ni ndogo, lakini trigliseridi inapanda baada ya chakula na inaweza kumtia mtu hofu bure. Pombe acheni siku mbili tatu kabla.

Hili la pili kwa watu wa Kanda ya Ziwa ni kubwa: msipime mafuta mkiwa na malaria au homa yoyote kali. Malaria inashusha lehemu na HDL na kupandisha trigliseridi. Nimeona kijana ana HDL ya kutisha, kumbe wadudu wamejaa kwenye damu. Subirini wiki kadhaa baada ya kupona.

LDL mnayoiona kwenye karatasi mara nyingi haijapimwa, imepigwa hesabu. Kanuni ni ya Friedewald ya mwaka 1972: unachukua jumla, unatoa HDL, unatoa trigliseridi uliyoigawa kwa 2.2. Ya mwanzisha uzi inakubali: 4.9 toa 0.8 toa 1.1, unapata 3.0. Trigliseridi ikizidi 4.5 hesabu hiyo haifai tena. Na angalieni kipimo kilichotumika. Kama karatasi inasema mg/dL, lehemu gawanyeni kwa 38.7, trigliseridi gawanyeni kwa 88.6, ndipo mlinganishe na namba za humu, ambazo ni za mmol/L.

Mkuu, wewe ulifunga?

Mwana wa Mwaloni

Mara ya kwanza sikufunga, na nashukuru umeuliza. Kuna maabara moja nilikwenda nikiwa nimekunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini. Trigliseridi ikaja 3.1 na nikaambiwa nianze dawa siku hiyo hiyo. Mdogo wangu ndiye aliyekataa. Tukarudia sehemu nyingine wiki iliyofuata, tumefunga kwa muda wa saa 11 wote wawili, ndiyo hizo namba nilizoweka juu. Bado ilikuwa juu, lakini 2.4 siyo 3.1, na kijana wa miaka 27 hapaswi kuanzishiwa vidonge kwa sababu ya chapati.

Mama Kulwa

Wanangu, mimi nina miaka 49, naishi Nyakato, kisukari ninacho mwaka wa 11 sasa. Nina mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka 20. Nimesoma uzi huu nikalia. Nilidhani nimewalisha vizuri. Kumbe ugonjwa niliwapa kabla sijawanyonyesha? Baba yao hana sukari.

Mwana wa Mwaloni

Mama, shikamoo. Nakuomba usijibebeshe hilo. Mama yangu mimi aliniuliza swali hilo hilo jikoni, anachambua mchele, hataki kunitazama. Nilimwambia ninachokuambia wewe.

Watoto wa kule Framingham, Marekani, walifuatiliwa miaka mingi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2000 yalionyesha kwamba mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa kuugua kama mara tatu na nusu kuliko asiye na mzazi mgonjwa, na mwenye wazazi wawili kama mimi, mara sita. Ni uwezekano, mama. Mimi na mdogo wangu tumetoka tumbo moja, tumekula sufuria moja, na karatasi zetu hazifanani. Mwingine anarithi sana, mwingine kidogo.

Na Kulwa na Doto wana kitu ambacho wewe hukukipata: wanajua mapema. Wewe ulikutwa na sukari tayari. Kule San Antonio, Marekani, Haffner na wenzake waliandika mwaka 1990 kwamba watu waliokuja kuugua baadaye walishakuwa na trigliseridi ya juu na HDL ya chini miaka kabla, wakati bado wanaitwa wazima. Ina maana huenda mishipa ya moyo ilikuwa inaumia tangu kipindi hicho. Lakini ina maana pia kwamba kuna miaka ya kufanya kitu, na wanao ndiko waliko sasa.

Fundi Darubini

Mama Kulwa, shikamoo. Tahadhari moja ambayo nisingependa iwapite watoto wako. Sisi Waafrika mara nyingi trigliseridi zetu ziko chini kuliko za Wazungu, hata pale mwili ulipokwisha kuwa mgumu kwa insulini. Kijana anaweza kuwa na trigliseridi ya 1.2, karatasi haina nyota ya tahadhari hata moja, na tatizo lipo. Kwa hiyo msiishie kwenye trigliseridi. Tazameni HDL, pimeni kiuno, pimeni presha, na sukari yenyewe msiiache. Kipimo cha HbA1c kikipatikana ni kizuri zaidi, kinaonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu.

Binti Ukerewe

Baba yangu alianza kuchoma insulini akiwa na miaka 12, hajawahi kunywa vidonge. Haya yananihusu?

Fundi Darubini

Hicho ni kisukari cha aina ya kwanza, dada. Kinga ya mwili ndiyo iliyoshambulia kongosho. Urithi wake ni mdogo zaidi na hauanzii kwenye mafuta kwa njia tunayoizungumza. Pima kama mtu mwingine yeyote, na kaa ukijua dalili: kiu isiyoisha, kukojoa sana, kukonda ghafla.

Mkazi wa Buzuruga

Kitunguu saumu na unga wa mlonge vinasafisha mafuta yote kwa wiki mbili. Mimi nauza.

Mwana wa Mwaloni

Ndugu yangu, biashara yako siiharibu, mlonge ni mboga na kitunguu saumu tunaungia mchuzi. Lakini usimwambie mtu aache kliniki kwa ajili hiyo. Baba aliuziwa chupa za namna hiyo miezi minne, kidonda kikachimba mpaka mfupa ukaonekana. Siwezi kunyamaza hapo.

Kuhusu vidonge vya hospitali: vipo, vinafanya kazi, na kuna wanaovihitaji hata wakiwa vijana. Mwenye LDL ya kufika 5 asikae nyumbani, hiyo inaweza kuwa lehemu ya kurithi ya namna nyingine kabisa. Mwenye trigliseridi inayopita 10 yuko kwenye hatari ya kongosho kuvimba, awahi kwa daktari. Na ukikuta namba mbaya mwambie daktari dawa zote unazotumia, maana baadhi ya dawa za VVU na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango vinapandisha trigliseridi, na tezi ya shingo ikilegea au figo zikisumbua mafuta yanavurugika pia. Kwa mimi daktari alisema tujaribu mwili kwanza, tukutane baada ya miezi minne.

Nyanda wa Magu

Nimerudi. Nimempigia mama, kumbe marehemu baba mkubwa na bibi wote walikuwa na sukari, sikuwahi kuambiwa. Hebu tuambie ulifanya nini hiyo miezi minne. Mimi siwezi kulipia vile vyumba vya mazoezi.

Mwana wa Mwaloni

Kaka, pole kwa hizo habari, na asante kwa kurudi.

Sikulipia chumba chochote. Niliacha daladala asubuhi. Kutoka Igogo mpaka mwaloni natembea kama dakika hamsini, napita katikati ya mji kabla jua halijawa kali, siku tano kwa wiki. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafika nimechoka, wenzangu wakidhani nimekosa nauli. Mpira wa Jumapili nimeendelea nao, ila nilikuja kuelewa kwamba siku moja ya kukimbia haifuti siku sita za kukaa juu ya gunia na kalamu mkononi.

Kwenye chakula, soda niliacha siku ile ile. Sukari kwenye chai nilipunguza kijiko kimoja kila wiki mpaka ikaisha, na chipsi mayai za usiku nazo zikaondoka. Ugali sikuacha, mimi ni Msukuma, lakini bonge limekuwa nusu ya lile la zamani na mboga zimepanda: mchicha, maharage, na dagaa. Mtu aliwahi kuniambia dagaa wana lehemu niwaache. Si kweli kwamba wanadhuru namna hiyo, wana mafuta yale mazuri ya samaki, mradi usiwazamishe kwenye karai la mafuta. Tunawachemsha na nyanya na kitunguu, au tunawakaanga bila mafuta kwanza halafu tunaunga kidogo. Sato mama anachemsha. Bia ya Jumamosi niliona tabu kuiacha kuliko vyote, sitaficha, lakini niliiacha, kwa sababu trigliseridi na pombe ni marafiki wa siku nyingi.

Kilichonitia moyo ni utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002. Watu waliokuwa karibu kabisa na kisukari walitakiwa kutembea angalau dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito wao. Walioingia kisukari wakapungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliomeza metformini, dawa ile ile ya mama, walipungua kwa asilimia 31. Kutembea na kupunguza uzito kulipita dawa. Nilimsomea baba hilo, akavaa viatu.

Majibu ya mwezi wa nane, nimefunga kwa muda wa saa 11, sina homa: jumla 4.6, trigliseridi 1.6, HDL 0.95, LDL 2.9. Kiuno 86. HDL bado haijafika 1.0, na daktari ameniambia hiyo hupanda polepole kuliko trigliseridi inavyoshuka. Nitaendelea. Lakini 2.4 mpaka 1.6 bila kidonge hata kimoja, nilitamani kuifunga karatasi kwenye fremu.

Mdogo wangu naye anatembea na mimi siku za mapumziko. Majibu yake yalikuwa mazuri tangu mwanzo, ila anasema hataki kubweteka. Na shangazi mmoja alikuja nyumbani akamwomba radhi. Hilo sikulitegemea kwenye maisha yangu.

Mama Kulwa

Mwanangu, wa kwangu wamekubali kupima, ila Doto anaogopa sindano na Kulwa anasema peke yake haendi. Wewe unarudi lini huko?

Mwana wa Mwaloni

Jumamosi hii, mama. Nampeleka mdogo wetu wa mwisho, ana miaka 19, na yeye haogopi sindano hata kidogo, atakaa na Doto. Nimekuandikia ujumbe wa pembeni mahali pa kukutana. Tutakuwa pale saa moja asubuhi. Waambie wale chakula cha usiku kabla ya saa tatu, na maji wanaruhusiwa.